Safari ya Edirne na Chumba cha Nyuma



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), wiki hii tunaomba ruhusa ya wasomaji wetu, hususan akina mama na mabinti, tusimulie safari moja ya ujana wetu. Ilikuwa safari ya siku moja tu, wala haikupangwa. Lakini iko siri ya nyumbani kwetu ambayo tuliibeba miaka mingi, na katika safari hiyo ndipo tulipoitua. Dada zetu wametupa idhini ya kuieleza, kwa kuwa wanaamini, kama tunavyoamini sisi, kwamba iko nyumba moja miongoni mwa zinazopokea gazeti hili itakayofaidika nayo.

Ilikuwa mwezi wa Oktoba mwaka 1998, nasi tulikuwa mwanafunzi mjini Istanbul. Tuliingia mji ule miaka mitatu kabla, kijana wa madrasa aliyetoka Mji wa Kale, Mombasa, na sanduku moja la nguo, misahafu miwili na chupa ya achari ya ndimu aliyotufungia mama. Katika bweni tulikuwa chumba kimoja watu wanne: sisi, Mnigeria wa Kano, Mkazaki wa Almaty na Mbosnia wa Sarajevo. Lugha yetu ilikuwa Kiarabu cha vitabuni kilichochanganywa na Kituruki cha sokoni, na kila mmoja aliamini kwamba makosa ni ya wenzake.

Siku hiyo ya Ijumaa, mwalimu alikuwa amezungumzia majengo ya msanifu Sinan. Alisema kwamba kazi aliyoiona mwenyewe kuwa kilele cha ustadi wake haimo Istanbul, bali ni Msikiti wa Selimiye ulioko Edirne, alioujenga akiwa mzee wa makamo ya miaka 80. Usiku, baada ya chakula, Mkazaki akauliza: "Nani kati yenu ameuona?" Hapana aliyeuona. "Basi tunangoja nini?" Tukacheka, tukadhani ni maneno ya mezani. Ilipofika saa saba za usiku alikuwa amekwisha vaa koti lake, amesimama mlangoni, na anahesabu nauli. Mnigeria alitoka kwa haraka hata akasahau viatu. Akasafiri na malapa katika baridi ya Oktoba, na jambo hilo tulimkumbusha mpaka siku tulipoagana.

Edirne ni mji ulioko upande wa Ulaya wa Uturuki, karibu na mipaka ya Ugiriki na Bulgaria. Ulikuwa makao makuu ya dola ya Uthmaniya kabla ya Istanbul kufunguliwa mwaka 1453. Kutoka Istanbul ni mwendo wa kama saa tatu kwa basi. Tuliondoka saa nane za usiku. Utingo akapita kiti kwa kiti akitumiminia abiria marashi ya limau viganjani, kama ilivyo desturi yao, kisha akaleta chai. Mbosnia alilala. Mkazaki alisimulia habari za farasi wa babu yake mpaka naye akalala.

Tulifika alfajiri. Uwanda wa Edirne ni tambarare, na msikiti ule umejengwa mahali palipoinuka, basi minara yake minne, ambayo kila mmoja umezidi mita 70, ndiyo uliyoiona kwanza kabla ya mji wenyewe. Tuliswali Swala ya Alfajiri chini ya kuba ambalo upana wake ni kiasi cha mita 31, limebebwa na nguzo nane, na hapana nguzo yoyote katikati inayomzuia mtu kumwona imamu. Ujenzi ulianza mwaka 1568, na Sultani Selim wa Pili aliyeuamuru alifariki mwishoni mwa mwaka 1574, kabla ya kufunguliwa. Mzee mmoja alituonesha ua la tulipu lililochongwa kichwa chini katika nguzo mojawapo ya marumaru. Wenyeji husimulia kwamba uwanja ule ulikuwa bustani ya mwanamke mmoja aliyekataa kuuza mpaka akubaliwe kwamba maua yake yatakumbukwa. Wakamkubalia, lakini wakalichonga juu chini kwa ajili ya ukaidi wake. Ni hadithi ya watu tu, lakini tuliipenda, na tulisema lau bustani ile ingekuwa ya mama zetu, hata ua moja lisingetosha.

Tulipokwisha kula mkate na maini ya kukaanga, ambayo ndiyo chakula kinachosifika katika mji ule, ilikuwa bado asubuhi. Tungeweza kurejea. Mbosnia ndiye aliyesema: "Nimesikia kuna hospitali ya kale ng'ambo ya mto. Twendeni tuione, kisha turudi." Hatukuwa na hoja ya kumpinga. Tukavuka daraja la Mto Tunca kwa miguu, Mnigeria na malapa yake nyuma yetu.

Jengo lile lilijengwa kwa amri ya Sultani Bayezid wa Pili, likamalizika mwaka 1488. Ni wakfu uliokusanya mahali pamoja msikiti, jiko la kulisha watu, madrasa ya utabibu na hospitali. Mwaka mmoja tu kabla ya sisi kufika, chuo kikuu cha mji ule kilikuwa kimeifungua hospitali hiyo kuwa makumbusho ya tiba. Siku ile hapakuwa na wageni wengine. Msimamizi, mzee mwenye kofia ya sufi, alifurahi kuona vijana wa rangi nne, akatutembeza mwenyewe.

Alituingiza katika ukumbi wa pembe sita, juu yake kuba, katikati hodhi ya maji yanayotiririka, na pande zake zote vyumba. "Hapa," akasema, "ndipo walipotibiwa wagonjwa wa akili." Akaeleza kwamba walitibiwa kwa dawa, kwa chakula kizuri, kwa harufu za maua, kwa mlio wa maji na kwa sauti za ala. Msafiri maarufu Evliya Çelebi, aliyefika huko katika karne ya 17, ameandika kwamba kundi la wapigaji lilikuwa likija mara tatu kwa wiki kuwapigia wagonjwa. Suala la ala lina mjadala wake kwa wanazuoni, wala hapa si mahali pake. Tusiwatukuze pia watu wale kupita haki yao, kwani msafiri huyo huyo ametaja kwamba wapo wagonjwa waliofungwa minyororo. Lakini kilichotushika sisi siku ile si ala wala maua. Kilitushika kitu kidogo zaidi.

Mzee alimwomba mmoja wetu asome Qur'ani ili tusikie namna ukumbi unavyobeba sauti. Mnigeria akasoma Surat adh-Dhuhaa kwa sauti ya chini kabisa. Sisi tulikuwa tumeingia katika chumba kimoja cha pembeni, na sauti ikatufikia kana kwamba msomaji yuko ubavuni mwetu. Ndipo tulipotazama ukutani tukaona dirisha. Dirisha lenyewe la kawaida, linatazama bustani. Mtu aliyelala pale angeona mti, angeona mvua, angejua kama ni asubuhi au ni jioni.

Hatukuweza kutoka katika chumba kile.

Wasomaji wetu, nyumbani kwetu kulikuwa na chumba cha nyuma, kando ya kisima, na chumba hicho kilikuwa na dirisha moja. Mwaka 1994 dirisha lile lilipigiliwa mbao kwa misumari kutoka nje. Aliyezipigilia ni sisi, kwa mkono wetu. Ndani yake alikuwamo kaka yetu mkubwa, aliyetufundisha kuogelea pale Forodhani na aliyetushika mkono siku ya kwanza ya chuo. Alikuwa na miaka 26 alipoanza kusikia sauti tusizozisikia. Kwanza aliacha kulala, kisha akaacha kazi, kisha siku moja akatoka barabarani bila ya nguo. Alipelekwa kwa waganga watatu, na kila mmoja alikuwa na jini lake na bei yake. Aliporudi kwa wa tatu alikuwa na alama za fimbo mgongoni. Baada ya hapo akafungwa mguu kwa mnyororo kwenye kitanda, na kwa kuwa akipiga kelele usiku sauti ilifika uchochoroni, likazibwa dirisha. Majirani wakaambiwa kwamba amepata kazi Jeddah. Watu walikuwa wakitupa barua na salamu tumpelekee.

Nasi tulikwenda Istanbul na uongo ule. Siku ya kwanza wenzetu walipotuuliza tuko wangapi kwa mama, tulijibu: "Watatu. Sisi na dada wawili." Kwa miaka mitatu tulikuwa tukilala chumba kimoja na watu wale, tukila sahani moja, na tulikuwa tumempunguza ndugu yetu katika hesabu.

Tukiwa bado katika kile chumba, Mbosnia akaingia, akatazama dirisha lile lile. Akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa: "Mama yangu angepapenda hapa." Kisha akatueleza. Katika miaka ile ya kuzingirwa Sarajevo mama yake alipoteza mtoto, na tangu hapo akili yake haijatulia. Huamka usiku akakusanya mikate na kuificha chini ya kitanda. Ana daktari wake, ana vidonge vyake, ana siku nzuri na siku mbaya. Akaongeza: "Wiki hii ilikuwa nzuri. Nimezungumza naye kwa simu." Hakushusha sauti. Hakutazama nyuma kuona nani anasikia. Alimtaja mama yake kama wewe unavyomtaja mama yako mwenye sukari au presha.

Tuliketi juu ya sakafu ya jiwe, na kwa mara ya kwanza tukasema: "Sisi kwetu hatuko watatu. Tuko wanne." Tukaeleza yote, mnyororo na mbao na Jeddah. Tulingoja lawama, na tulistahiki. Mkazaki alitazama chini. Mbosnia aliweka mkono begani petu. Mnigeria, ambaye tulizoea kumcheka tangu usiku, akauliza jambo moja tu: "Anaitwa nani, ili nimwombee kwa jina lake?"

Katika miaka minne hapana mtu nje ya nyumba yetu aliyetuuliza hivyo. Tukalitaja jina lake. Wenzetu watatu, wa nchi tatu, wakainua mikono katika ukumbi ule wakamwombea mtu wa Mombasa wasiyemjua, na maji ya hodhi yakitiririka.

Tulirejea Istanbul usiku ule ule. Jumapili tulinunua kadi ya simu, tukampigia mama. Tulimweleza kwa pupa ya kijana aliyeona jambo jipya: mtoeni, mpelekeni hospitali, hii ni maradhi kama maradhi. Mama alinyamaza muda mrefu, na kadi inakwisha. Kisha akasema: "Mwanangu, wewe uko mbali. Dada yako ana posa. Wakijua kuna mwenye wazimu ndani, nani atamwoa? Na ninayemwosha na kumlisha kila siku ni mimi, si wewe." Simu ikakatika.

Tulikasirika siku ile. Leo, tukiwa na umri aliokuwa nao yeye wakati ule, tunaona kwamba mama alisema kweli mbili katika pumzi moja. Ya kwanza ni kwamba mzigo wa mgonjwa wa akili katika nyumba zetu haubebwi na wanaume wanaotoa amri kwa simu. Hubebwa na mama, dada na mke, usiku na mchana, bila ya shukurani. Ya pili ni kwamba aibu hii si ya kubuni. Inao gharama, na aghalabu hulipwa na mabinti.

Baada ya mwezi na nusu ilitufikia barua yake, ameiandika kwa hati zile za Kiarabu alizozoea. Ilijaa habari za jamaa na bei za nazi, na mwishoni mstari mmoja: "Nimemfungulia dirisha. Sasa hupiga kelele kidogo." Barua hiyo tunayo mpaka leo.

Tulirudi nyumbani mwaka 1999. Dada yetu yule mwenye posa, ambaye hakuna aliyemuuliza rai yake, ndiye aliyemaliza mjadala. Alisema mbele ya wajomba: "Mwanamume atakayenikimbia kwa sababu ya kaka yangu, afadhali akimbie sasa kuliko nikiwa na watoto watatu." Na yule mchumba alikimbia kweli. Dada alilia siku mbili, siku ya tatu akatusaidia kumpeleka kaka kwa daktari wa maradhi ya akili. Miaka miwili baadaye aliolewa na mtu aliyekuja kuposa akijua kila kitu, ambaye siku ya kwanza alikwenda kumsalimu kaka kabla ya kukaa.

Hatutawadanganya kwamba kaka alipona akawa kama zamani. Dawa zilimtuliza sauti, lakini zilimnenepesha na kumtetemesha mikono. Mara mbili aliziacha, kwa kuwa mtu alimwambia zinapunguza imani, na mara mbili akarudi nyuma vibaya. Lakini mnyororo ulitoka, na haukurudi. Alikaa barazani kila alasiri, akawapokea watoto wa mtaa, akawafunga kamba za viatu. Swala za jamaa alizoweza alihudhuria, akisimama safu ya mwisho karibu na mlango. Aliishi hivyo miaka 12, akafariki mwaka 2011 kitandani pake, dirisha likiwa wazi. Allah amrehemu, na amrehemu mama yetu aliyemfuata baadaye.

Siku ya tatu ya matanga, mwanamke mmoja mtu mzima wa mtaa wa pili alimwita dada yetu kando. Akamwambia kwa sauti ya chini: "Na mimi ninaye ndani. Mwaka wa tisa." Hakumaliza maneno, akajifunika uso kwa buibui. Ni kwa ajili ya mama yule, na wa mfano wake, tumeandika haya.

Tunataka kuwakumbusha ndugu zetu mambo yaliyo katika dini yetu wenyewe. Imepokewa katika Sahih Muslim, kwa Anas (r.a.), kwamba mwanamke aliyekuwa na kasoro katika akili yake alimwendea Mtume (s.a.w.) akamwambia ana haja naye. Mtume hakumwepuka wala hakuwaambia watu wamwondoe. Alimwambia achague njia yoyote aitakayo, akasimama naye hapo mpaka akamaliza haja yake. Mbora wa viumbe alisimama hadharani na mgonjwa wa akili, katika njia inayopitwa na watu. Sisi tulimwambia Jeddah mtu aliyekuwa kando ya kisima chetu. Na katika Surat an-Nisaa, aya ya 5, tumeamrishwa kuhusu wale ambao akili zao haziwezi kusimamia mali kwamba tuwalishe, tuwavishe na tuseme nao maneno mema. Maneno mema yamewekwa pamoja na chakula na nguo.

Kumsomea mgonjwa Qur'ani ni jambo jema, nasi tulimsomea kaka mpaka siku yake ya mwisho. Lakini kisomo hakimzuii mtu kwenda kwa daktari, na anayekuambia umwachishe mgonjwa dawa zake, au anayeinua fimbo juu yake kwa kudai kwamba anampiga jini, huyo usimfungulie mlango. Mgongo unaoumia ni wa mwanao. Na nyinyi wanaume wa nyumba, mpeni mama zamu. Mosheni ndugu yenu kwa mikono yenu, walau siku mbili kwa wiki, ndipo mtoe rai. Na wazazi wanaotafutia vijana wao wachumba, wasiigeuze nyumba yenye mgonjwa kuwa nyumba ya kukimbiwa. Leo ni kwao, kesho hujui ni kwa nani.

Yule Mbosnia bado tunaandikiana. Mnigeria ni imamu kwao, na Mkazaki tulipotezana naye. Mara nyingi huwaza: lau usiku ule tungesema tuna kazi za masomo, twende wiki ijayo, labda tusingekwenda kabisa. Msikiti wa Sinan ni mkubwa na mzuri, na mwenye uwezo wa kwenda aende akauone. Lakini sisi tukiulizwa tuliona nini Edirne, tunajibu kwamba tuliona dirisha.

Kama kwenu liko lililopigiliwa mbao, anzeni hapo. Hayo mengine yatafuata, inshaallah.

Wabillahi tawfiq.